Madumu Kwenye Viti vya Boti

Kazini walimwita Taratibu, na jina hilo likamfuata nyumbani, likamfuata kwenye ibada, na siku ya mazishi mhubiri wetu akalitaja kwa kujisahau badala ya jina alilopewa na wazazi. Hakuna aliyekasirika. Watu waliguna kidogo, wakainamisha vichwa, ibada ikaendelea.

Alikuwa kaka yetu mkubwa. Tulizaliwa watatu: yeye, kisha Dada, kisha mimi kitinda mimba, niliyekuja miaka kumi na mitano baada yake, wakati mama alikwisha kugawa nguo zote za watoto. Kwa hiyo Kaka aliniita Kitinda, na hata nilipoanza kuota mvi hakuniita jina lingine. Baba alipofariki, Kaka alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule bila kuambiwa na mtu, akaenda kuomba kazi kwenye mtambo wa kusukuma maji ya mji, ukingoni mwa ziwa. Alifanya kazi hapo miaka thelathini na minne. Mimi nilifika kidato cha nne kwa mikono yake, na Dada akaenda chuo cha uuguzi kwa mikono hiyohiyo.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza pampu. Aliweka kiganja juu ya pampu kama mzazi anayepima homa ya mtoto, kisha akasema, "Beringi ya huyu inaomba kustaafu," na wiki haikupita kabla haijavunjika kweli. "Taratibu" ndilo neno alilowaambia wote waliotaka kufungua valvu kwa pupa, kwa sababu maji yakiachiwa ghafla hupasua bomba. Na kila kitu alikiandika kwa rangi nyeupe na brashi nyembamba: valvu, mabomba, swichi, hata ufagio. Tabia hiyo akaileta nyumbani. Jikoni kulikuwa na kopo limeandikwa SUKARI, lingine CHUMVI, na la tatu limeandikwa SI SUKARI. Mama alikuwa akimwambia, "Siku moja nitaamka nikute umeniandika MAMA kwenye paji la uso, nisije nikachanganywa na mlango."

"Nitakuandika mgongoni, Mama. Kwa mbele unajulikana."

Hakuoa. Aliwahi kuposa, lakini mchumba akachoka kusubiri sisi tumalize shule. Hilo alinieleza mara moja tu, huku akifunga kamba za viatu, na viatu vilipokwisha kufungwa na habari ikaisha.

Boti, Kaka aliinunua wakati mama akiwa bado hai, kutoka hoteli ndogo ya pale ziwani iliyokuwa inafunga milango. Ilikuwa imeshabeba wageni miaka kumi. Haikuwa boti ya kuchongoka. Yalikuwa maboya mawili marefu ya alumini, manene kama mapipa yaliyounganishwa, na juu yake sakafu ya mbao, uzio wa mabomba membamba, viti vya mito pande zote na turubai la kivuli. Ukiiona kwa mbali ungedhani sebule ya mtu imechukuliwa na mafuriko. Nyuma ilining'inia injini ya farasi tisa, yaani nguvu ya kusukuma mvuvi mmoja na samaki wake. Kwa sebule nzima yenye watu saba, ilikuwa kama kumfunga mbuzi kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Mama hakujali. Kiti chake kilikuwa mbele kulia, juu ya mto wa kijani alioushona mwenyewe, na alisema anapapenda pale kwa kuwa anafika kabla yetu. Siku za mapumziko tulivuka kwenda ghuba ndogo ya mchanga iliyo ng'ambo, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Tulikula, tukaimba nyimbo za ibada, watoto wawili wa Dada wakaogelea. Mimi nilikaa mbele kushoto karibu na ngazi, Dada na mumewe katikati, watoto miguuni mwao. Hakuna aliyetupanga. Kila mtu alijikuta na mahali pake.

Mama alifariki. Mwaka ulipotimia tulikutana kwa maombi, na kesho yake Kaka akatuomba tuvuke kama zamani. Kwenda tulikwenda salama. Wakati wa kurudi, upepo wa alasiri uliinuka mapema. Mawimbi ya ziwa lile si marefu, lakini ni ya karibukaribu, yanapiga kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Injini iliunguruma na boti ikasimama palepale. Nakumbuka nilikodolea macho mti mmoja mkavu ufukweni, na kwa robo saa nzima mti ule haukusogea hata shubiri. Dada alitapika. Watoto walilia. Tulifika baada ya saa nne, tumelowa mpaka vitambulisho mifukoni.

Tulipokanyaga gati, mume wa Dada, mtu mnene mwenye maneno, alikamua shati lake akasema, "Taratibu, leo kobe ametupita. Na nilivyomtazama, alikuwa anatuonea huruma."

Tulicheka. Na mimi, kwa kuwa sikutaka kupitwa kwa utani, nikasema, "Kaka, siku utakapofunga injini ya maana nitakuja kila mwezi. Kabla ya hapo usinihesabu."

"Kila mwezi?" aliuliza.

"Kila mwezi. Niandike kwa rangi yako nyeupe."

Alikuwa amepiga magoti anafunga kamba ya boti. Aliitikia kwa kichwa, hakuinua uso. Mimi nilikuwa natania. Yeye alikuwa amepokea kazi.

Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya mwisho ya sisi sote pamoja. Miaka saba ikapita.

Namwomba Mungu anisaidie kusema kweli hapa, kwa maana hata nikiwadanganya wasomaji, Yeye ananiona. Hatukuacha kwenda kwa sababu ya injini. Dada alikuwa na zamu zake hospitalini. Mimi nilikuwa karani wa ghala la unga, mwendo wa saa sita kwa basi, na ghala halikosi sababu ya kumzuia mtu. Lakini chini ya hayo yote kulikuwa na jambo lingine: nyumba ile bila mama ilinitisha. Nilihofia kumkuta Kaka peke yake mezani, nikalazimika kuketi mbele yake na kutafuta la kusema. Kwa hiyo kila nilipoulizwa mbona siendi, nilitaja boti. Na Dada akitafutwa, naye akataja boti. Sisi tulimpa kisingizio, yeye akakichukua kama kitu kilichoharibika kinachohitaji fundi.

Alinipigia simu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi. Angeniuliza afya, angeniuliza kazi, kisha angetoa taarifa ya injini kama vile alivyokuwa akitoa taarifa ya pampu kwa mkubwa wake. Alipostaafu, alitafuta injini kubwa kwa miezi mingi. Moja ilikuwa na ufa. Nyingine iliwahi kuzama. Hatimaye akapata nzuri kwa mtu aliyekuwa akivusha abiria na sasa amechoka na maji.

"Kitinda, nimepata farasi arobaini."

"Arobaini? Utawalisha nini?"

"Petroli. Hawa hawataki majani."

Nilicheka huku kalamu yangu ikiendelea kuweka alama kwenye orodha ya magunia. Sikumuuliza ataifungaje, wala nani anamsaidia. Mwaka huu, mwezi wa pili, alisema injini imefungwa na imejaribiwa, nije. Nikamwambia mwezi wa pili tunahesabu ghala. Mwezi wa tatu nikamwambia kuna harusi ya mfanyakazi mwenzangu, na harusi ilikuwepo kweli, ila mimi sikwenda hata huko. Mwezi wa nne nikamwambia mvua ni nyingi.

"Hamna neno," alisema. "Ziwa haliendi popote."

Basi nikaona haya, nikamwahidi Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano. Alifariki Jumatano ya wiki hiyohiyo. Moyo. Alikutwa asubuhi kwenye kiti cha barazani, amevaa viatu, kamba zimefungwa.

Baada ya mazishi Dada na mumewe walibaki siku tatu, kisha zamu zikamwita Dada. Tulikubaliana nibaki wiki moja nifunge nyumba, na boti tumtafutie mtu wa kuinunua. "Nani ataiendesha?" Dada aliniuliza.

Nyumba ya mtu mmoja ina sauti zake. Friji huanza, friji hunyamaza. Bomba la jikoni hudondosha tone baada ya kila pumzi nne, nilizihesabu. Kwenye kichanja cha vyombo kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, vimekauka tangu siku ile. Sahani nyingine sita zilikuwa kabatini, kila moja imefungwa kwa gazeti zisipigwe na vumbi. Nilisali asubuhi, nilisali jioni, na katikati nilifagia sehemu nilizokwisha kufagia. Siku ya tatu nikauona ufunguo ukutani umeandikwa BOTI. Nikauchukua ili nipate pa kwenda.

Gatini kuna banda la bati ambamo mwanamke mmoja hutengeneza injini za boti. Wote wanamwita Mama Spana. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, suruali ina mifuko mingi na kila mfuko una chuma. Nilikuwa nimemwona msibani, amekaa nyuma kabisa.

"Wewe ndiye Kitinda," alisema. Hakuuliza.

"Umenijuaje?"

"Uso ni wa Taratibu. Ila wewe umeongezewa mashavu." Akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Pole, mama. Mimi ndiye niliyemkuta. Nilimpelekea plagi mpya ya injini, akawa haitiki."

Sikujua hilo. Nilimshukuru. Aliitikia kwa kichwa, akatembea mbele yangu kuelekea boti.

Injini ilikuwa nyeusi, ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza, kifuniko kimefutwa mpaka unajiona. Pale ilipofungwa kulikuwa na bamba jipya la alumini na bolti nene nane. Fimbo ya kushika kwa mkono ilikuwa imeondolewa, na mahali pake sasa kuna usukani wa duara kama wa gari. Lakini mimi sikuangalia usukani. Niliangalia viti.

Vitini kulikuwa na madumu ya manjano ya lita ishirini, yamejaa maji, yamefungwa kwa kamba kwenye uzio. Kila dumu lilikuwa na maandishi meupe ya brashi nyembamba. DADA, madumu manne. SHEMEJI, madumu sita. MPWA MKUBWA, moja zima na moja nusu. MPWA MDOGO, moja. Na mbele kushoto, karibu na ngazi, madumu matatu yameandikwa KITINDA.

"Nilidhani ni maji ya kunywa," nilisema, maana ilinibidi niseme kitu.

"Ya kunywa, na ziwa lote hili?" Mama Spana aliketi ukingoni mwa gati. "Kaa nikueleze. Ile injini ya zamani mtu unaibeba kama begi. Hii inakaribia kilo mia moja. Miezi miwili tumehangaika kuimarisha nyuma ili ibebeke. Siku ya kujaribu akaingia peke yake, mimi nikasimama hapa. Akaongeza mafuta. Loo, pua ya boti ikaenda juu, matako yakaenda chini, maji yakamfika vifundoni. Mimi huku napiga kelele, taratibu, Taratibu, mpaka wavuvi wakadhani nimechanganyikiwa."

"Akafanyaje?"

"Akarudi amelowa. Nikamwambia ukweli, mimi sijui kupamba. Nikamwambia, Taratibu, injini hii na boti hii mtu mmoja hawezi. Inataka watu mbele ili ikae sawa. Irudishe, chukua ya farasi ishirini, inamtosha mtu wa peke yake." Aliinyooshea injini kidole. "Akaniambia, mimi sifungi injini ya mtu mmoja."

Kesho yake alikuja na madumu kwenye toroli. Alishinda kutwa nzima akijaza na kumwaga, akisogeza na kupima, mpaka boti ilipokaa juu ya maji kama meza iliyopimwa kwa pimamaji ya seremala. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alivuka mpaka ghubani na kurudi, yeye na madumu yake kumi na sita. Asubuhi ziwa likiwa shwari hakutoka. Alisubiri saa tisa alasiri, upepo uamke.

"Nilimwuliza, kwa nini unajitesa? Akasema, wangu wanauogopa upepo wa alasiri, nataka nikija nao niwe nimeshauzoea." Mama Spana alitabasamu. "Nikamtania, Taratibu, abiria wako wazuri sana hawa. Hawatapiki."

"Akacheka?"

"Alicheka. Kisha akaenda akamnyoosha shemeji yenu, alikuwa ameegemea upande."

Nilipanda botini. Niligusa dumu la mpwa mdogo, lile moja. Mtoto yule sasa anamzidi baba yake kimo, na kaka yake ana ndevu.

"Hawa watoto wamekuwa watu wazima," nikasema.

"Alijua. Alisema atawapima upya mtakapokuja, kwa sasa anaweka anachokikumbuka."

Nami pia alikuwa ameniweka alivyonikumbuka. Madumu matatu ni kilo sitini. Kilo sitini nilikuwa nazo miaka saba iliyopita. Sasa nina sabini na nne, na ghala la unga lina sehemu yake katika hilo. Mama Spana alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akaelewa ninachohesabu.

"Usijali, mama. Maji hayasemi."

Mbele kulia hapakuwa na dumu. Palikuwa na mto wa kijani tu, umefutwa vumbi.

"Hapo nilimwuliza pia," alisema kabla sijafungua kinywa. "Nikamwambia umesahau kiti kimoja, boti inalalia kushoto. Akasema, yule alishavuka. Akamhamishia shemeji yenu kulia, mambo yakawa sawa."

Hapo ndipo nililia. Msibani nilikuwa nimetoa machozi kama watu wote, lakini kulia nililia pale, nimeshika uzio wa boti, na Mama Spana akajifanya anakagua bolti ambazo alizifunga mwenyewe. Nilipotulia aliniambia, "Tangi limejaa. Alilijaza Jumanne."

Jumanne. Kwa ajili ya Jumamosi yangu.

Ilikuwa inakaribia saa tisa. Alikaa kwenye usukani bila kuniuliza kama nataka kwenda. Mimi nikataka kukaa nyuma, karibu naye.

"Huko hapana," alisema. "Huko utatuzamisha. Nenda mahali pako."

"Mahali pangu pana mtu."

"Basi mtoe."

Fundo la Kaka lilikuwa lilelile alilotufundisha utotoni, linalokaza likivutwa na kulegea likisukumwa. Nililisukuma. Nikayamwaga madumu matatu ziwani, moja baada ya jingine. Maji yalikuwa ya vuguvugu kwa jua, na yalichukua muda mrefu kutoka kuliko nilivyotegemea. Kisha nikakaa. Kiti kilikuwa na alama tatu za mraba pale madumu yalipokalia wiki nyingi, na nilikaa juu ya alama hizo.

Sijui kuieleza injini ile kwa lugha ya mafundi. Naweza kusema tu kwamba haikupiga kelele. Ilivuta pumzi, boti ikateleza, na pua haikuinuka hata kidogo. Upepo ulipokuja, yale mawimbi ya kugonga mlango yalipasuliwa na maboya, yakapita pembeni yakilalamika. Mti mkavu bado ulikuwepo ufukweni. Ulitupita kabla sijamaliza kuunyooshea kidole. Tulifika ghubani kwa dakika ishirini na tano.

Mama Spana alizima injini. Kukawa kimya, maji tu yakilamba alumini. Mchanga ulikuwa uleule, mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Nilitaka kusali sala ndefu, kwa sababu mahali palistahili, lakini yaliyotoka yalikuwa haya: Mungu, mpokee mtumishi wako ambaye hakuharakisha jambo lolote isipokuwa hili la kutupenda. Na mimi nisamehe Jumamosi zangu. Mama Spana alisema amina. Nilipogeuka nilimwona ameshika kofia mkononi, anatazama yale madumu ya shemeji, sita, yamekaa kwa heshima kama wazee wa baraza.

Tuliporudi nilimpigia Dada simu palepale gatini. Nilimweleza yote, hatua kwa hatua, kama nilivyoyaeleza hapa.

"Kwa hiyo boti hatuuzi," alisema mwishoni.

"Hatuuzi. Njooni Jumamosi. Na watoto."

"Jumamosi hii? Mdogo wangu, unajua zamu zangu. Labda mwisho wa mwezi, tutakapo..."

"Dada," nikasema, "mimi niliyasema hayohayo mara tatu. Nakuomba usiyaseme."

Nilimsikia anavuta pumzi. Kwa mbali niliisikia sauti ya mumewe akiuliza kuna nini.

"Shemeji yako amewekewa madumu mangapi?" Dada aliuliza.

"Sita."

"Sita?" Alitoa sauti ambayo ilianza kama kicheko. "Mwenyewe anasema ana madumu manne. Akisikia hatakuja." Kisha ile sauti ikageuka, na wote wawili tukalia kwenye simu, watu wazima, kila mmoja na mji wake. Alipoweza kusema tena alisema atamwomba mwenzake abadilishane zamu. Hakusema atakuja. Alisema atamwomba.

Tangu siku hiyo Mama Spana amekuwa akinifundisha usukani. Ananiambia nina mkono mzito, na kwamba Kaka naye alikuwa hivyo mwanzoni, ingawa nadhani hilo la pili ananifariji. Jana aliniachia boti peke yangu, yeye akasimama gatini na mikono kiunoni. Kabla ya kuondoka niligundua kwamba nikikaa kwenye usukani, kiti changu cha mbele kushoto kinabaki kitupu, na boti inainua pua. Kwa hiyo niliyajaza upya madumu yangu matatu. Kisha nikaongeza la nne, nikalijaza zaidi kidogo ya nusu, kwa maana mbele ya Mungu na mbele ya injini hakuna faida ya kudanganya. Brashi na kopo la rangi nyeupe nilivikuta chini ya kiti cha Kaka. Niliandika KITINDA kwenye lile la nne. Mwandiko haufanani na wake.

Leo ni Ijumaa. Dada hajapiga simu tena, na mimi sijampigia, kwa sababu mtu akiitwa sana hugeuka mdaiwa, na sitaki aje kama mdaiwa. Nimezifungua zile sahani sita kutoka kwenye magazeti, nikaziosha. Saa tisa nimeshuka gatini kukagua kamba. Madumu yote yapo mahali pake, yamejaa, kila moja na jina lake. Sitalimwaga hata moja mpaka nimwone mwenye jina lake kwa macho yangu, amesimama gatini na viatu mkononi, akiuliza akae wapi.